Safisha kwanza, mafuta baadaye: kutunza baiskeli nyumbani

Baiskeli nyingi huku Kisumu hazifi kwa uzee. Zinasagwa. Vumbi jekundu la barabara za murram kule Seme na Maseno, mchanga wa ufukoni Dunga, udongo mweusi wa Kano: vyote hivyo vikikutana na mafuta juu ya cheni hugeuka kuwa msasa, na msasa huo unafanya kazi kila unapokanyaga pedali.

Mtu akisikia cheni inalia, hukimbilia chupa ya mafuta. Kelele inanyamaza, naye anaondoka ameridhika. Lakini mchanga umebaki palepale, na sasa umepata umajimaji wa kuubeba hadi ndani ya pingili. Baada ya siku chache kelele inarudi, anaongeza mafuta tena, na kufikia mwisho wa mwaka ananunua cheni, gia (lile duara kubwa la meno kwenye pedali) na friwili (lile dogo la meno kwenye gurudumu la nyuma) kwa pamoja. Ukisahau mengine yote katika mwongozo huu, shika hili moja: usiweke mafuta mapya juu ya uchafu wa zamani.

Naandika nikiifikiria hasa Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo, haina gia za kubadilisha. Ndiyo inayobeba maji, mkaa, maziwa, samaki na miwa kuanzia Ahero hadi Busia, mji ambako kazi ya kusafirisha watu kwa baiskeli ilianzia miaka ya 1960. Pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini mzigo wa kijijini bado uko juu ya kerieri ya baiskeli. Mwenye baiskeli ya gia nimemwekea maneno yake mbele kidogo.

Tayarisha vitu kwanza

Vingi unavyo nyumbani. Ndoo mbili za maji. Sabuni ya unga kidogo. Matambara ya pamba, na fulana kuukuu ndiyo bora, kwa sababu kitambaa cha nailoni hakifyonzi mafuta vizuri. Brashi ya kufulia, mswaki wa zamani, na kijiti au spoki iliyovunjika ya kuchokolea. Mkebe wenye mdomo mpana. Gunia la kutandika chini. Nusu kikombe cha mafuta ya taa. Kwa upande wa zana, ile spana bapa ya baiskeli yenye matundu mengi, bisibisi, plaisi na pampu ya mkono vinatosha kwa karibu kila nitakachoeleza hapa.

Mafuta ya kulainishia ndiyo yanayowakanganya watu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Mafuta ya cherehani ni mepesi, yanapenya haraka na hayavuti vumbi sana. Yanafaa Januari na Februari, barabara zikiwa kavu. Udhaifu wake ni kwamba mvua moja kubwa huyaosha yote. Masika yakianza Machi, hamia kwenye oili mpya ya injini, SAE 40, ile inayouzwa kwa vipimo vidogo kwenye maduka ya vipuri na vituo vya mafuta. Ni nzito, inashika hata kwenye maji, ila inavuta vumbi, ndiyo maana lazima uifute vizuri baada ya kuipaka. Robo lita inakaa muda mrefu sana kwa baiskeli moja.

Grisi ni ya gololi. Haifai kwenye cheni, kwa kuwa ni nzito mno kuingia ndani ya pingili. Inabaki nje ikikusanya mchanga. Mafuta ya kupikia nayo hayafai, maana yakikaa hewani na juani yanaganda na kuwa gundi. Kile kikopo cha kunyunyiza cha kulegeza kutu ni kizuri kwa nati iliyokwama, lakini utando wake ni mwembamba na hautadumu kwenye cheni iliyobeba mitungi minne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji kabla hujajihesabu mwenyewe.

Na oili chafu ya gereji, ile nyeusi inayopatikana bure, iache hukohuko gereji. Najua wengi wanaitumia na mafundi wengine wanaipaka bila kuuliza. Oili hiyo ilitolewa kwenye injini kwa sababu imechoka: ina masizi, ina chembe za chuma, ina asidi. Unapoipaka kwenye cheni unarudisha uchafu uleule uliokuwa ukijaribu kuutoa. Isitoshe, ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi kwa mtu anayeishika mara kwa mara kwa miaka. Bure hiyo ni ghali.

Neno la usalama kabla hatujaanza. Mafuta ya taa yatumie nje, mbali na jiko. Usiyaweke kabisa kwenye chupa ya soda, hata kwa dakika tano, kama kuna mtoto nyumbani. Mtoto huona soda. Petroli usiitumie kusafishia chochote.

Kagua ikiwa bado chafu

Watu huosha kwanza ndipo wakague. Mimi nasema geuza utaratibu huo, kwa sababu uchafu huonyesha mengi. Mahali chuma kimepasuka huonekana mstari mwembamba wa kutu, hasa pale mabomba ya fremu yanapoungana na karibu na shingo ya usukani. Nati iliyolegea huwa na alama inayong'aa pembeni mwake, kwa kuwa imekuwa ikisugua. Ukishaosha, alama hizo zinapotea.

Shika gurudumu la mbele kwa juu, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, koni za ekseli, zile nati za ndani zinazobana gololi, zimelegea. Fanya vivyo hivyo nyuma. Kisha shika mikono yote miwili ya pedali, uitikise kuelekea kwenye fremu na kurudi. Mkono mmoja ukicheza na mwingine umetulia, kota imelegea; yote miwili ikicheza pamoja, shida iko kwenye ekseli ya katikati. Mwisho, bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mgongano mdogo mikononi, ni gololi za shingo.

Kota inastahili maneno zaidi. Ni ile pini ya chuma iliyochongwa bapa upande mmoja, inayokaza mkono wa pedali kwenye ekseli. Ikilegea, utahisi pedali inaruka kidogo kila mzunguko. Usiendelee kuendesha hivyo. Chuma cha kota ni laini kuliko ekseli, kinaliwa haraka, na kikishaliwa hata ukikaza nati yake hakishiki tena. Kota mpya ni ya bei ndogo sana. Ekseli na mkono wa pedali vilivyoharibika si vya bei ndogo.

Cheni: hapa ndipo kazi yenyewe ilipo

Cheni ya Black Mamba ina pingili zaidi ya 100. Ndani ya kila pingili kuna pini, na juu ya pini kuna kipipa kidogo kinachozunguka. Cheni huchakaa kule ndani, pini inaposugua, mahali usipoweza kuona. Upande wa nje haulainishi kitu. Unahitaji utando mwembamba tu wa kuzuia kutu. Kwa hiyo cheni inayometameta kwa mafuta nje inaweza kuwa kavu kabisa ndani, na cheni inayoonekana kavu nje inaweza kuwa katika hali nzuri kuliko zote mtaani.

Tandika gunia, pindua baiskeli isimame juu ya kiti na usukani. Kwanza chokoa tope kavu lililojaa kati ya meno ya gia kubwa na friwili kwa kijiti, bila maji wala mafuta. Utashangaa kiasi kitakachotoka.

Chovya mswaki kwenye mafuta ya taa, uukung'ute, usugue cheni pande zote nne: juu, chini, kushoto, kulia. Zungusha pedali kinyumenyume kadiri unavyoendelea. Ukizungusha mbele, gurudumu la nyuma linakimbia pamoja na cheni, na kidole kikiingia kati ya cheni na meno hakitoki kizima. Kwa sababu hiyohiyo, watoto wasimame mbali, hata wale wanaotaka kusaidia.

Mswaki uwe na unyevu, usichuruzike. Mafuta ya taa yakiingia ndani ya ekseli yanayeyusha grisi ya gololi, nawe utakuwa umetengeneza hapa na kuharibu pale. Jihadhari zaidi unapokaribia friwili na ekseli ya katikati.

Baada ya kusugua, funga tambara kavu kuzunguka cheni, libane kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uzungushe pedali kinyumenyume. Tambara litatoka jeusi. Geuza upande safi, rudia. Chovya mswaki tena, sugua tena, futa tena. Endelea hadi tambara litoke la kijivu hafifu. Hatua hii inachosha na ndiyo inayorukwa, lakini hakuna mafuta ya bei yoyote yatakayofanya kazi yake.

Cheni ikiwa imeachwa miezi mingi, ni afadhali kuitoa. Tafuta pingili moja yenye klipu ndogo bapa upande wa nje. Isukume klipu kwa plaisi itoke, chomoa kiungo, cheni itafunguka. Iweke kwenye mkebe wenye mafuta ya taa, ilale usiku kucha, asubuhi uitikise na kuisugua. Wakati wa kurudisha, kumbuka mwelekeo wa klipu: ule upande uliozibwa utangulie mbele, kwenye uelekeo ambao cheni inakwenda, na upande wenye mwanya ufuate nyuma. Ukigeuza, kitu chochote kinachogusa klipu barabarani kinaweza kuisukuma itoke.

Cheni ikiwa safi, ipime. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo kuanzia pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Tumia tepu ya chuma, ile ya seremala. Ya fundi cherehani huvutika. Ukipata inchi 12 na moja ya nane, zile milimita tatu za ziada zinasema cheni imekwisha. Ibadilishe sasa. Cheni iliyorefuka inakula meno ya gia mpaka yachongoke na kuinamia upande mmoja, na meno yakishafika hapo, hata cheni mpya itaruka juu yake ukiwa unapanda mlima.

Kuosha

Sasa simamisha baiskeli, usiioshe ikiwa imepinduliwa. Ikiwa miguu juu, maji yanatiririka hadi kwenye shingo ya usukani na kwenye bomba la kiti, na huko hayaonekani wala hayakauki.

Vumbi jekundu lipanguse kavu kwanza kwa brashi, maana ukilimwagia maji linageuka tope na kuhamia mahali pengine. Udongo mweusi wa Kano ni kinyume chake: uondoe ungali mbichi. Ukishakauka kati ya tairi na madigadi, utahitaji bisibisi kuutoa, na mara nyingi rangi hutoka nao. Aliyetoka Ahero au Nyando wakati wa mvua anajua gurudumu linavyoweza kukataa kabisa kuzunguka.

Changanya sabuni kidogo kwenye ndoo ya kwanza. Anza juu, kwenye kiti na usukani, shuka polepole hadi kwenye magurudumu. Tumia tambara kwa fremu na brashi kwa rimu na tairi. Suuza kwa kumwagia maji taratibu kwa kikombe kutoka ndoo ya pili. Suuza vizuri, kwa sababu mabaki ya sabuni ya unga yakikauka juu ya chuma huharakisha kutu.

Usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari. Mkondo ule wa nguvu unasukuma maji hadi ndani ya ekseli, unaitoa grisi na kuacha maji mahali pake, na hutajua hadi gololi zianze kusaga. Usiipeleke ziwani pia. Ukiizamisha ekseli majini umefanya kosa lilelile, na mafuta ya cheni yanabaki kwenye maji ambayo jirani yako anachota na ambamo wavuvi wanatega nyavu. Ziwa letu limebeba ya kutosha.

Wabeba samaki wana kazi ya ziada. Maji ya samaki yanayovuja kutoka kwenye kreti, hasa samaki wa chumvi, hudondokea kerieri, rimu ya nyuma na nati za ekseli, na hapo kutu huanza ndani ya siku chache. Hawa wasisubiri siku ya usafi: wamwagie sehemu hizo maji safi kila jioni na wazifute. Kwa wabeba miwa wa Muhoroni na Mumias, utomvu mtamu unaoganda kwenye kerieri na spoki hutoka kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, na hautoki kwa kukwangua.

Ukimaliza, inua baiskeli kidogo na uiangushe juu ya tairi zake mara mbili tatu ili maji yaliyojificha yatoke. Futa kwa tambara kavu, kisha iache juani robo saa au nusu saa. Jua la Kisumu likikausha halihitaji msaada. Lakini usiisahau hapo mchana kutwa, maana jua hilohilo hupasua raba za tairi. Cheni lazima ikauke kabisa, maji na mafuta ya taa pia. Mafuta ya taa yakibaki ndani yataifanya oili mpya kuwa nyepesi kama maji na itachuruzika yote.

Doa la kutu kwenye rimu au usukani wenye kromu liondoe kwa karatasi ya aluminiamu, ile ya jikoni ya kufungia chakula. Ikunje, ichovye majini, sugua. Inatoa kutu bila kuikwaruza kromu, jambo ambalo msasa na sufi ya chuma haviwezi kukuahidi.

Mafuta: tone moja kwa kila pingili

Tafuta ile klipu ya cheni, au funga uzi kwenye pingili moja, ujue ulipoanzia. Weka tone moja juu ya kila kipipa, ukiwa upande wa ndani wa mzunguko, yaani ule uso wa cheni unaogusa meno. Cheni inapozunguka, mafuta husukumwa kuelekea nje, hivyo ukiyaweka ndani yatapita katikati ya pingili kabla ya kutoka. Sogea pingili kwa pingili hadi urudi kwenye uzi. Cheni nzima haizidi kijiko kimoja cha chai. Kama chupa yako haina mdomo mwembamba, chovya ncha ya spoki kwenye mafuta. Tone litakalobaki kwenye ncha ndilo kiasi chenyewe.

Zungusha pedali kinyumenyume kwa dakika moja mbili. Iache baiskeli itulie, na kama unaweza, fanya kazi hii jioni mafuta yapenye usiku kucha. Asubuhi chukua tambara safi, bana cheni, zungusha, futa hadi nje paonekane kama hapana mafuta. Hapa watu hunung'unika kwamba wanafuta mafuta waliyonunua kwa pesa. Yaliyo nje hayana kazi. Yaliyo ndani hutayafikia kwa tambara.

Sehemu nyingine ni za haraka. Tone moja kwenye kila kiungo cha fimbo za breki. Tone kwenye mhimili wa stendi, na kengele ikiwa imekwama. Matone mawili matatu kwenye mwanya wa friwili, baiskeli ikiwa imelazwa ubavu. Springi za kiti zikilia, tone kwenye maungio yake. Kila jambo la kupaka likiisha, shika tambara tena na ufute.

Kama baiskeli yako bado ina kava ya cheni ya mabati, nikuombe kitu kimoja: usiitoe. Wengi huitoa kwa sababu inagonga. Kava inayogonga imepinda tu, na inanyooshwa kwa mkono. Cheni iliyofunikwa hukaa safi muda mrefu zaidi ya iliyo wazi kwenye barabara ya vumbi.

Breki: hapa mafuta ni adui

Breki za fimbo hufanya kazi kwa kuvuta raba juu, zibane uso wa rimu unaotazama spoki. Ndipo pa kusafisha, na ndipo watu wasipopafikia, kwa kuwa wanang'arisha ubavu wa rimu unaoonekana. Pitisha tambara lenye maji ya sabuni kati ya spoki, uzunguke rimu yote, kisha tambara kavu.

Raba zenyewe zikiwa zinang'aa, zikwangue kidogo kwa msasa hadi zirudi kuwa na ukavu. Toa vipande vya mchanga na chuma vilivyojichimbia humo kwa ncha ya spoki. Raba iliyonyonya mafuta itupe. Haisafishiki, na bei yake ni ndogo kuliko ya bandeji.

Rimu za chuma zina tabia moja ambayo kila anayeshuka Riat kuelekea mjini anapaswa kuijua: zikilowa, breki karibu hazishiki. Mvua ikikukuta juu, anza kubana breki kidogo kidogo mapema ili raba zikaushe rimu, wala usisubiri kona. Ukiwa na abiria au mzigo mzito na rimu zimelowa, shuka na usukume.

Tairi na spoki

Soma ubavuni mwa tairi. Kiwango cha upepo kimeandikwa hapo kwa PSI. Usipite kiwango hicho hata kama umebeba mzigo, ila usiwe chini yake sana pia, maana tairi laini chini ya mzigo hubana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa kwa matundu mawili yanayotazamana. Jaza kwa pampu ya mkono. Kompresa ya kituo cha mafuta imetengenezwa kwa magari. Tyubu ya baiskeli ina nafasi ndogo, inajaa kupita kiasi kabla hujaondoa mkono.

Upepo ukipotea polepole na hakuna tundu, angalia valvu. Valvu nyingi za Black Mamba zina kiraba chembamba ndani yake kinachochakaa kwa joto. Nunua kadhaa uviweke nyumbani. Kubadilisha ni kazi ya dakika moja.

Gurudumu la nyuma kwa kawaida lina spoki 40 na la mbele 32. Zipapase mbilimbili kwa vidole, ukizibana. Iliyolegea utaihisi mara moja. Moja ikivunjika, usiiache hadi wiki ijayo: jirani zake wamebeba mzigo wake, na watafuata.

Gololi, mara moja kwa mwaka

Mvua za masika zikiisha, Juni hivi, fungua ekseli, uoshe gololi kwa mafuta ya taa na uweke grisi mpya. Usianze kazi hii jioni ikiwa asubuhi unahitaji baiskeli. Tandika kitambaa cheupe kwanza, kwa sababu gololi zikidondoka kwenye mchanga hutazipata zote. Kwa kawaida nyuma huwa na gololi tisa za robo inchi kila upande, na mbele kumi ndogo zaidi kila upande, lakini hesabu zako mwenyewe unapozitoa na uandike.

Gololi yenye doa au isiyong'aa, badilisha seti nzima. Usichanganye mpya na za zamani. Mpya ni kubwa kwa unywele na zitabeba mzigo wote peke yake. Tazama pia uso wa koni: ukiona mashimo madogo, koni imekwisha. Jaza grisi kwenye bakuli la ekseli, panga gololi ndani yake, rudisha koni, kaza kwa mkono hadi iguse, kisha ilegeze kidogo kabla ya kufunga nati ya nje.

Ukiwa hapo, toa nguzo ya kiti na uipake grisi kidogo ili isiungane na fremu kwa kutu. Na ukitaka kutoa pedali, ya kulia hufunguka kwa kuzungusha kinyume cha saa kama nati nyingine zote, lakini ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuzungusha kufuata saa. Pedali nyingi za kushoto zimeharibiwa na watu wenye nguvu nyingi waliokuwa wakikaza wakidhani wanafungua.

Kwa wenye baiskeli za gia

Zile za mitumba zenye gia nyingi zina cheni nyembamba zaidi, na zinataka mafuta mepesi na usafi wa mara kwa mara. Ibadilishe mapema kuliko ya Black Mamba, ikishazidi milimita moja na nusu kwenye inchi 12. Uchafu mwingi hujificha kwenye vigurudumu viwili vidogo vya plastiki vinavyoning'inia chini ya gia ya nyuma. Vichokoe kwa ncha ya bisibisi huku ukizungusha. Kati ya gia na gia pitisha tambara lililokunjwa, mbele na nyuma.

Mara ngapi, na lini uite fundi

Anayeendesha kila siku kwenye vumbi afute cheni kwa tambara kavu kila wiki na aweke mafuta kila baada ya wiki mbili. Usafi mzima wa mafuta ya taa ufanyike mara moja kwa mwezi. Mvua ikikunyeshea, futa cheni jioni hiyohiyo na uweke mafuta, hata kama uliweka jana.

Mafuta ya taa uliyotumia usiyamwage kwenye mtaro. Mitaro ya Nyalenda na Manyatta huishia ziwani. Yaache kwenye mkebe siku mbili tatu, uchafu utatulia chini, nawe utayamimina yaliyo juu kwenye kopo lenye kifuniko uyatumie tena mwezi ujao. Mashapo yaliyobaki yapeleke gereji wanakokusanya oili chafu.

Kuna kazi za kumwachia fundi: kunyoosha rimu iliyopinda, kubadilisha ekseli ya katikati, kuchomea fremu. Vipuri nunua mwenyewe kama unaweza, sokoni Kibuye siku ya Jumapili ukiwa na kipuri cha zamani mkononi cha kulinganisha. Baiskeli ipeleke ikiwa safi, fundi aone tatizo badala ya tope. Na akifungua ekseli, kaa hapo. Akishafunga, mwambie, "Fundi, niinulie kidogo," uzungushe gurudumu mbele yake. Liende lenyewe, lipunguze mwendo taratibu, na valvu iishie chini kwa uzito wake. Likisimama ghafla, koni zimebanwa mno. Azilegeze kabla hujalipa.